Chai ya Nyuma ya Jiko

Mgeni alifika kijijini Gilboa saa sita mchana, siku ambayo Bi Vernita Gayle hakuwa na haja ya mgeni yeyote. Pimento, zile punje za kiungo cha chakula, ilikuwa juani siku ya nne. Sakafu nzima ya saruji mbele ya nyumba ilikuwa imejaa punje, rangi ya kijani ikigeuka hudhurungi, na harufu yake, ile inayofanana na karafuu iliyolala kitanda kimoja na mdalasini, ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia. Bi Vernita alikuwa ameinama na reki ya mbao akizigeuza. Jua la siku mbili zaidi lingetosha, na mavuno ya miti kumi na minne yangeingia kwenye magunia. Mvua moja ingetosha pia kuziotesha ukungu, na mnunuzi kutoka Lucea angezinusa, angetikisa kichwa, angepanda gari lake.

"Bi Vern!" Pansy mwenye duka alipaza sauti kutoka chini ya kilima. "Bi Vern, ee! Kuna binti wa Kichina anapanda kwako! Kavaa viatu vya mjini!"

"Nani kafa?"

"Nimemuuliza, hasemi!"

Binti alitokeza baada ya muda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mkoba begani, jasho likimtiririka. Alijitambulisha kwa jina la Yolande Chung, nesi, ametoka Kingston. Gari lake lilikuwa limekataa kupanda.

"Magari yote yenye akili hukataa," alisema Bi Vernita. "Umepotea?"

"Sijapotea, mama. Ninatafuta nyumba ya Dalton Gayle."

Reki ilisimama. Kwa miaka kumi na moja, kila aliyepanda kilima kile na mkoba akiulizia Dalton alikuwa amebeba jambo zito. Mara mbili walikuwa wamekuja watu wa hospitali, na mara mbili waliondoka naye.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mimi niko kwenye utafiti. Tunazitembelea familia mia nne, nusu zina mgonjwa wa akili, nusu hazina. Tunauliza jambo moja tu. Bangi ndiyo inayompa mtu ugonjwa usioondoka, au ugonjwa ulikuwa njiani unakuja na bangi ikaukuta barabarani? Dalton alikubali tuje. Alitia saini kliniki mwezi uliopita."

Bi Vernita alicheka kwa pua. "Umepasua viatu bure, mwanangu. Jibu ningekupa kwa simu. Ni bangi. Na aliyempa mwanangu nitakuonyesha mpaka bati la nyumba yake." Aliinua reki akaielekeza ng'ambo ya bonde, kwenye paa lililopakwa rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, katikati ya migomba. "Anaitwa Amos. Ras Amos. Andika."

Nesi hakuandika.

Hapakuwa na mtu Gilboa asiyeijua habari hiyo. Dalton alikuwa mtoto aliyefaulu kuliko wote waliowahi kutoka kilimani pale. Alipokuwa na miaka kumi na miwili walikwisha kumpachika jina la Profesa. Alipofika kumi na tisa, Jumapili ya mavuno, alisimama kanisani katikati ya mahubiri akasema vipaza sauti vinamtaja kwa jina na vimwache. Akavua shati. Akavua na vingine. Kesho yake Bi Vernita alikwenda hadi kwenye lango la Ras Amos, ambako kijana alionekana kila siku akijifunza kupiga ngoma, na mbele ya nusu ya kijiji akamlaani yeye, ngoma yake na ndevu zake. Amos alisimama akasikiliza mpaka mwisho, hakujibu neno. Watu wakasema, mwenye kosa hana mdomo. Wakaacha kununua viazi vikuu vyake, wakawatoa watoto wao kwenye ngoma. Tangu siku hiyo Bi Vernita hakuwa amemtazama usoni.

"Ooh, nesi!" Dalton alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maji. Alikuwa mtu wa miaka thelathini sasa, mnene kidogo kwa ajili ya dawa, mikono ikimtetemeka kwa mbali, maneno yakimtoka polepole kama mtu anayechagua maembe sokoni. "Umefika. Nilimwambia Mama kwamba utakuja."

"Uliniambia lini?"

Dalton alifikiri. "Nilikusudia kukuambia."

Nesi Yolande akacheka, na Bi Vernita naye akajikuta anacheka, bila kupenda.

Dalton hakucheka. Aliweka ndoo chini. "Mama. Kabla hajafungua daftari lake, niahidi kitu."

"Nikuahidi nini tena?"

"Akimaliza maswali yake, ikionekana si Ras, utakwenda umwambie."

"Haitaonekana hivyo."

"Basi kuahidi hakukugharimu kitu. Na iwe leo. Saa kumi lori linakuja kumchukua, wanakwenda kwenye ngoma za Marasta za kuzaliwa kwa mfalme wao. Atakaa huko siku nyingi. Tena mwaka jana alisema safari moja hatarudi kabisa, hapa hana mtu wa kusema naye."

"Mwaka jana? Ulisema naye wapi?"

"Mama."

Bi Vernita alimtazama mwanawe. Mtoto huyu alikuwa haombi kitu. Sindano yake ya kila mwezi alikwenda kuifuata mwenyewe, nguo zake alifua mwenyewe, na jioni alikaa barazani akipigapiga magoti yake kwa vidole, mapigo ya ngoma isiyokuwepo. Rafiki hakuwa naye hata mmoja.

"Haya," alisema. "Ikionekana si Amos, nitakwenda kwa miguu yangu hii na kumwambia kwa kinywa changu hiki, leo hii, kabla lori halijaondoka. Nimeahidi. Umeridhika? Sasa mletee mgeni kiti, usimsimamishe kama mdai kodi."

Aliahidi kwa moyo mwepesi, maana matokeo aliyajua tayari.

Walikaa barazani. Kulikuwa na shelisheli ya kuchoma na samaki wa chumvi, na maji ya ndimu kwenye jagi. Nesi alikula kwanza, jambo lililompandisha daraja machoni pa mwenyeji wake, halafu akafungua daftari.

"Dalton, ulianza kuvuta ukiwa na umri gani?"

"Kumi na tano."

"Mara ngapi?"

"Mwanzoni Jumamosi tu. Nilipofika kumi na saba, kila siku. Asubuhi na jioni."

"Na kabla ya kumi na tano? Alikuwa ameshawahi kutumia bangi kwa njia yoyote?"

"Kamwe," alidakia Bi Vernita. "Mimi ni shemasi wa kanisa, mwanangu. Bangi haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii."

Nesi aliandika. "Utotoni aliugua nini?"

"Pumu. Kifua kilikuwa kinalia kama mlango mbovu."

"Mlimtibu kwa nini?"

"Chai."

"Chai gani?"

"Chai ya majani."

"Majani ya nini, mama?"

"Ya mti wa chai! Binti, Kingston hamnywi chai?"

Dalton alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika.

"Na wewe unacheka nini?"

"Mpeleke akauone, Mama. Mpeleke tu."

Ulikuwa nyuma ya jiko, kando ya pipa la maji, umestawi kwa maji ya kuoshea vyombo, urefu wake unagusa ukingo wa bati. Nesi Yolande alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Alishika jani moja, lenye vidole saba vyembamba, akaliachia.

"Mama, huu ni mbangi."

"Huu?" Bi Vernita alitazama kana kwamba mtu amemwita kuku wake kunguru. "Huu ni wa chai. Mbangi ni ule wanaovuta wanaume njia panda. Huu aliupanda mama yangu, na mbegu alipewa na mama yake. Karibu Gilboa nzima tumekua kwa chai hii. Ya kifua, ya homa, ya kumwamsha mtoto akili kabla ya mtihani. Hata mchungaji hunywa, kwa ajili ya goti lake."

"Ni mti uleule, mama."

"Haiwezekani. Hakuna anayeuvuta."

Alilisema hilo kwa imani kamili, na kila mwanamke wa vilima vile angelisema vilevile. Kinachovutwa ni kitu kimoja, kinachochemshwa ni kingine. Cha kwanza huleta polisi, cha pili huleta usingizi. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kuviweka kwenye sahani moja avipime.

"Alianza kunywa akiwa na umri gani?"

"Miezi minane."

Kalamu ilisita. "Akaacha lini?"

"Aache kwa nini? Kila siku anapokwenda kulala, kikombe kimoja. Hata jana."

Walirudi barazani. Bi Vernita alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono ndani ya aproni. Jambo lilikuwa limeanza kumtambaa mgongoni na hakutaka kuligeukia. "Kwa hiyo unasema ni chai," alisema. "Unasema ni mimi."

"Sijasema hivyo, mama. Sijamaliza kuuliza."

"Uliza basi."

"Katika ukoo, upande wako au wa marehemu baba yake, yuko mtu mwingine aliyewahi kuugua kama Dalton?"

"Hakuna."

"Wote wazima," Dalton alisaidia, "isipokuwa mjomba Uriah ana ugonjwa wa ubahili. Miaka arobaini na saba yuko Marekani, hajatuma hata pipa moja la sabuni."

Huo ulikuwa utani wa nyumba hiyo. Kila Krismasi, majirani walipokuwa wakifungua mapipa yaliyotoka kwa ndugu zao ng'ambo, lazima mmoja angeuliza pipa la Uriah liko bandari gani, na Bi Vernita angecheka kwa sauti kuliko wote. Safari hii hakucheka. Alikuwa akiitazama pimento.

Nesi alisubiri. Alikuwa binti mdogo lakini alijua kusubiri. "Mama," alisema mwishowe, "ukiniambia hakuna, nitaandika hakuna. Na hiyo hakuna yako itahesabiwa pamoja na za wengine, na daktari atakayeisoma ataiamini."

Kuku alipita. Dalton alimimina maji ya ndimu, akamwaga kidogo mezani, akayafuta.

"Uriah hakwenda Marekani," alisema Bi Vernita.

Alilisimulia kwa ufupi, kama mtu anayeisoma barua ya mwingine. Alikuwa na miaka kumi na minne, kaka yake ishirini na mmoja. Uriah alikuwa mtu wa Biblia, fundi wa kushona, hajawahi kuvuta hata sigara, na kifua chake kilikuwa kizima, kwa hiyo hata chai hakuwahi kuinywa. Mwaka huo alianza kuwajibu watu ambao hawakuwepo. Akaacha kula, akisema chakula kinamsema. Walimfunga kamba wakampakia kwenye lori la ndizi kabla hakujapambazuka, na kijiji kilipoamka mama yao akasema Uriah amepata mkataba wa kukata miwa Florida. Alifia katika hospitali ya wendawazimu huko Kingston baada ya miaka sita. Mama yao alikwenda maziko peke yake, akaaga kwamba anakwenda kutibiwa meno.

"Kwa nini?" aliuliza nesi, taratibu.

"Tulikuwa mabinti wanne ambao hatujaolewa. Bangi ni aibu ya mtu mmoja, mwanangu. Damu ni aibu ya ukoo mzima."

Dalton alikuwa ametulia kabisa. Hata mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka. "Basi mimi nimefanana na mtu," alisema. Haikujulikana kama ni swali. Kisha akasema, "Mama, na mimi niseme langu. Ras hakunipa."

"Dalton."

"Hakunipa hata siku moja. Nilikwenda kumwomba nikiwa na miaka kumi na sita. Akaniuliza, kijana, mbona unageuka nyuma na hakuna mtu? Nikamwambia kuna mtu kwenye pipa la maji ananiita, tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Akasema jani hili si la kichwa ambacho bado kinaota, tena si la kichwa kinachosikia watu. Nenda kamwambie mama yako. Ukitaka ngoma njoo, ukitaka moshi usinijie. Tangu hapo nilikuwa ninakwenda kwa ngoma tu."

"Uliipata wapi?" aliuliza nesi.

Dalton alielekeza kidole gumba nyuma ya bega lake, upande wa jiko.

"Nilikuwa ninachuma yale machipukizi ya juu, ambayo Mama hayafikii. Ninakausha juu ya bati. Ninasokota kwa karatasi za daftari la hesabu." Alikuwa akisema na meza. "Moshi ulizinyamazisha zile sauti, mwanzoni. Baadaye ukazinunulia vipaza sauti."

Sauti ya Bi Vernita ilitoka ndogo. "Miaka kumi na moja. Mbona hukusema?"

"Niliporudi kutoka hospitali ulikwisha kumlaani. Ulikuwa unalia kila siku. Nikaona ukijua ni mti wako utakufa. Nikamwomba Ras asikuambie. Akasema sawa." Alinyanyua mabega. "Nilifikiri ni kwa wiki mbili tatu hivi."

Nesi Yolande alifunga daftari, na kwa muda hakuonekana mtu wa utafiti. Bi Vernita ndiye aliyesema. "Sasa umesikia yote. Niambie. Ni chai, ni moshi, au ni damu ya Uriah? Usinifiche."

"Sitakuficha, lakini jibu langu halitakushibisha." Alivuta kiti karibu. "Nikichukua watu elfu wanaovuta, walio wengi hawataugua namna hii. Na nikichukua elfu waliougua, wamo wasiowahi kuigusa bangi, kama kaka yako. Lakini mtu akianza akiwa mdogo, akavuta kila siku, na kwenye ukoo wake yuko aliyeugua, hatari yake inapanda. Hilo tunaliona, na tunaliona tena. Na aliyekwisha kuugua akiendelea, ugonjwa hurudi upesi. Sasa Dalton, sauti zilitangulia moshi kwa mwaka mzima. Huenda ugonjwa ulikuwa unakuja hata hivyo, na moshi ukaufungulia lango. Huenda bila moshi ungepita kando. Tunajua habari za watu elfu, mama. Habari ya mtu mmoja hatuijui. Hakuna mtu anayeweza kukuambia angekuwa nani bila ule mti."

"Na chai?"

"Chai ya majani ina nguvu ndogo kuliko moshi. Kama ilimdhuru utotoni, mimi sijui, na mtu akikwambia anajua, muulize kajuaje. Ulimpa mtoto wa pumu dawa uliyopewa na mama yako. Ila kuanzia leo, kwake yeye, hata chai aache. Kwa mtu aliyelazwa mara mbili sitaki kubahatisha."

"Asipolala?"

"Aje kliniki. Dawa za usingizi tunazo. Na aje aseme kwamba halali, hajawahi kutuambia."

Bi Vernita aliitikia kwa kichwa, mara nyingi mno. Halafu akasema jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. "Jina lake liandike vizuri. Uriah Nathaniel Malcolm. Fundi wa kushona."

Nesi aliandika, akamwonyesha.

Ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Dalton aliuchukua mkoba wa nesi kumsindikiza hadi kwenye gari, maana njia ni mbaya kuishuka kwa viatu vile, na mbwa wa Pansy huwa hawawajui watu wa Kingston. Bi Vernita aliwasikia wakishuka, nesi akisema kitu, mwanawe akicheka, kicheko kirefu ambacho hakuwa amekisikia siku nyingi.

Ndipo upepo ulipogeuka.

Aliusikia shingoni kabla hajaona kitu. Juu ya mgongo wa kilima, nyuma ya minazi, wingu lilikuwa limesimama, jeusi upande wa chini kama chungu. Mvua za Julai hazina hodi. Alilikadiria kwa jicho la mtu aliyeanika pimento maisha yake yote. Robo saa, pengine pungufu. Turubai lilikuwa limekunjwa uvunguni mwa nyumba. Kuzikusanya punje katikati, kulivuta turubai, kuweka mawe pembeni, kazi hiyo kwa mtu mmoja ni robo saa, kama hakohoi wala haombi.

Aliishika reki, akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Punje zilikuja zikichakarika.

Ng'ambo ya bonde honi ya lori ililia.

Aliinua kichwa. Kati ya migomba mtu alikuwa akishuka kutoka kwenye nyumba ya rangi tatu, ngoma mgongoni imefungwa kwa kitambaa cheupe. Lori lilikuwa kwenye kona ya barabara, limejaa wanaume na wanawake wenye vilemba, wanaimba. Kutoka pale aliposimama Bi Vernita hadi kwenye kona ile, kwa njia ya mkato, ni dakika kumi.

Angeweza kusema Amos atarudi tu. Angeweza kusema ahadi haikujua habari ya mvua. Dalton mwenyewe angesema, Mama, pimento kwanza. Ilikuwa mavuno ya mwaka mzima, na bati la jiko lilikuwa linaisubiri fedha hiyo, pamoja na nauli za kliniki hadi Desemba. Yote haya aliyafikiri, tena kwa utulivu, akiwa amesimama katikati ya sakafu yake. Halafu akailaza reki, meno yakiwa chini ili asijikwae mtu, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akashuka.

Matone ya kwanza yalimkuta kijitoni. Alipofika kwenye kona, Ras Amos alikuwa ameshika ubao wa nyuma wa lori, mguu mmoja umekwisha panda.

"Amos!"

Nyimbo zilikatika. Amos alishusha mguu. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa. Bi Vernita alikuwa akizikumbuka nyeusi.

"Dada Vern," alisema.

"Huyu ndiye yule mama wa laana," sauti moja ilinong'ona juu ya lori, si chini sana. "Ras, panda, mvua!"

"Ngojeni," alisema Amos.

Bi Vernita alikuwa anahema. Alikuwa amekusudia kumvuta kando, lakini akakumbuka kwamba siku ile hakumvuta kando. "Nilikusema mbele ya watu," alisema, "kwa hiyo na leo nasema mbele ya watu. Sikilizeni nyote. Mwanangu hakupewa bangi na mtu huyu. Alikwenda kuomba, huyu akamfukuza. Alichuma kwangu. Ni mti wangu mimi, wa nyuma ya jiko. Nilikosea, nikakuvunjia jina lako, Amos, na ukanyamaza."

Mvua ilianza kupiga migomba. Amos alivuta kitambaa cha ngoma yake kikafunika vizuri zaidi.

"Nilijua, Dada."

"Najua kwamba ulijua."

"Kijana aliniomba."

"Ameniambia. Ameniambia leo."

Amos alitazama juu, ng'ambo ya bonde, kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa ikionekana wazi kutoka pale, doa la hudhurungi mbele ya nyumba nyeupe.

"Pimento yako iko nje."

"Iko nje."

"Inalowa yote, Dada."

"Naiona."

Dereva alipiga honi. Amos akasema wao wanarudi Jumatano. Akasema, kama mama ataona inafaa, Alhamisi atapita na ngoma ndogo, ile aliyokuwa akiipiga Dalton. Ngozi yake imelegea lakini inarekebishika. Bi Vernita akasema Alhamisi watakuwapo, na kwamba atachoma shelisheli. Amos akapanda. Lori likaondoka na nyimbo zake, likapotea kwenye kona iliyofuata.

Dalton alikuwa amejibanza kibarazani kwa Pansy, akitoka kumsindikiza nesi. Alimwona mama yake akipanda peke yake barabarani, amelowa chapachapa, bila haraka. Akatoka mvuani akamfuata. Harufu ya pimento ilikuwa inashuka kilimani, kali kuliko siku zote, jinsi inavyonuka ikilowa.

"Mama," alisema. "Pimento."

"Nimeisikia. Nipe mkono, hapa panateleza."